Kigae Kilichojibu Mara Mbili

Jumatatu, 2 Februari 1998

Binti wa bosi amenipa madaftari mawili. Flavia — yule wa Bengaluru, nywele fupi kama za mvulana. Anaandika kitabu cha historia ya kiwanda. Tarehe 14 Machi tunatimiza miaka mia, askofu atakuja, na kila mfanyakazi, aliye kazini na mstaafu, ataitwa jukwaani kupewa nakala yake.

"Babu Tyampa, andika chochote unachokumbuka," kaniambia. "Usione haya."

Nikamwambia haya zangu niliziacha darasa la nne kwa masista, waliponifukuza. Akacheka. Anacheka vizuri, mtoto yule. Ana meno ya babu yake.

Daftari la kwanza nitamrudishia. Nimeshaanza: nimeandika kwamba hapo zamani udongo ulikandwa na ndovu, na ndovu yule alibatizwa. Hili la pili ni langu. Humu sitanii — au nitatania kidogo, mkono umezoea.

Historia yenyewe ni fupi. Pascoal Coelho alikuwa fundi wa tanuri kwa wamisionari wa Kijerumani. Akajifunza kwao kuchoma vigae, akaondoka, akawasha tanuri yake hapa kando ya mto Netravati mwaka 1898. Nembo yake kakakuona, maana magamba yake yamepandana kama paa. Akaja mwanawe Balthazar. Sasa ni mjukuu, Hilary, baba yake Flavia. Tanuri zilikuwa sita, imebaki moja. Zege limetumaliza. Baada ya sherehe ardhi inakwenda kwa watu wa maghorofa. Kila mtu anajua, hakuna anayesema. Ndivyo tulivyo hapa.

Mimi niliingia mwaka 44. Mkandaji udongo, halafu mchapa vigae, halafu mnyapara. Wanasema picha yangu itakuwa ukurasa wa mwanzo. Nimenyoa.

Alhamisi, 5 Februari

Tanuri imewashwa. Mchomo wa mwisho, vigae elfu kumi vya ukumbusho, namba 100 chini ya kakakuona. Nilikwenda kuangalia moto. Kijana wa motoni akaniuliza rangi ya moto ikoje. Nikamwambia, kama uso wa mkeo siku ulipopoteza mshahara. Akaelewa, akaongeza kuni.

Nyumbani vibua vya mchuzi na wali mwekundu. Dada yangu Devaki amepika. Kwetu kaka hukaa na dadake, ukoo ni wa mama. Mume ni mtu wa kuja na kuondoka. Wake, Deju, aliondoka. Kila akipakua husema vilevile, "Sijui huko Bombay Deju wanampa nini." Kisha anakula.

Mimi pia nakula. Nimekuwa nikila.

Jumatano, 11 Februari

Tanuri imepoa. Leo wamefungua mlango.

Appi ameniita. Ni mkubwa wa wanawake wanaochagua vigae, ana miaka thelathini kwenye kazi ile. Kazi yenyewe ni ya sikio: unashika kigae kwa mkono mmoja, unakigonga kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia kama kengele. Chenye ufa kinakohoa. Huhitaji macho. Appi huchagua huku anasengenya, na hajawahi kukosea katika lolote kati ya hayo mawili.

"Kaka Tyampa, gonga hiki."

Nikagonga. Kikalia.

"Ngoja," akasema.

Nikangoja. Kikalia tena. Sikukigusa. Mara ya pili ilikuwa chini zaidi, kama mtu aliye chumba cha ndani anapoitikia hodi.

"Masikio ya uzee," nikasema.

"Yangu si ya uzee."

"Basi umri unakudanganya."

Hakucheka. Ameviweka kando vya namna hiyo. Vimefika kumi na moja.

Ijumaa, 13 Februari

Vimekuwa mia mbili na kitu. Wanawake wamesimamisha kazi. Wamekaa kivulini wanatafuna tambuu, wamevipa vigae mgongo.

Hilary alikuja mbio. Mnene, mstaarabu, jasho. Akasema ni upepo. Appi akamwambia, "Bosi, upepo umezaliwa jana? Siku zote ulikuwa wapi?" Akasema basi ni udongo haukukandwa vizuri, umeacha hewa ndani. Wote wakanitazama mimi, mkandaji udongo wa zamani. Ningesema ndiyo mambo yangeisha. Nikasema ndiyo.

Hayakuisha.

Mchana Flavia akaja na kinasa sauti chake. Kitabu chake kimefika mwaka 57. Ana karatasi ya babu yake Balthazar: "Juni 1957, mfanyakazi Deju Salian alitoroka na muhuri wa shaba wa kampuni." Akaniambia, "Babu, wewe ulikuwepo. Na alikuwa shemeji yako. Pole. Nieleze."

Nikamweleza. Nimeisema hadithi hiyo mara nyingi hata inajitembeza yenyewe. Deju alikuwa na tamaa. Deju alipanda lori alfajiri. Muhuri aliuuza kwa washindani huko Bombay. Tukachonga muhuri mwingine, ndiyo maana kakakuona wa zamani anatazama kushoto na wa sasa kulia.

"Hii itakuwa sura nzima," akasema. "Wizi wa 1957. Nitaweka jina lako kama shahidi."

Nikamwuliza kama kila mtu kweli atapewa kitabu. Kila mtu, akasema. Hata bibi Devaki, alichagua vigae miaka kumi na tisa.

Devaki hajui kusoma. Lakini Appi anajua, na Appi husoma kwa sauti.

Jumapili, 15 Februari

Wanawake wametaka mzimu wa kiwanda aulizwe. Yupo kwenye jiwe lake chini ya mwembe mdogo, nyuma ya ghala, toka kabla ya Pascoal. Akina Coelho ni Wakatoliki wa kupiga magoti, lakini hakuna Coelho aliyewahi kuwasha tanuri bila kuchinja kuku pale. Hawachinji wao. Huacha tu kuku apatikane.

Akaitwa Thaniya, yeye ndiye hupandwa na mzimu. Rafiki yangu, tumekunywa tembo la mnazi pamoja maisha yote. Saa nne asubuhi, jua kali. Hilary alikuwa ametoka misa. Akasimama mbali anakagua mfereji. Mfereji mkavu, akaukagua sana.

Thaniya akashika ua la mpopoo. Akaanza kutetemeka kwenye vidole, ikapanda mabegani. Mimi namjua Thaniya akiigiza — siku nyingine huigiza, ananiambia mwenyewe. Leo macho yake yalipita juu yangu kama sijawahi kumnunulia kikombe.

Sauti ikasema: "Nazi nimepewa. Kuku nimepewa. Mimi nimeshiba. Lakini humu yupo wenu hajala. Mnakula mbele yake."

Basi. Akaanguka, wakammwagia maji.

Watu wakatazamana. Kule mferejini Hilary akauliza kasema nini, wakamwambia kuna mtu hajala. Uso ukamkunjuka. "Ah," akasema, "chakula. Si wangesema mapema." Akaagiza biriani ya kuku kwa wafanyakazi wote kesho.

Baadaye nikamwuliza Thaniya alimaanisha nani. Akasema, "Ndugu yangu, mimi nilikuwa sipo. Wewe ndiye ulikuwepo." Akaomba maji mengine.

Jumatatu, 16 Februari

Biriani. Wamekula watu mia na kumi. Appi amekula sahani mbili na kusema nyama ni ngumu.

Devaki alikuja na bakuli lake. Alipakuliwa, akakaa karibu yangu. "Nyama ya kuku Deju alipenda paja," akasema. "Ikiwa hajang'oka meno." Nikamwambia huko Bombay watu wanang'oka meno mapema, maji mabaya. Akatikisa kichwa, akaamini. Dada yangu ananiamini. Hilo ndilo tatizo lake kubwa.

Baada ya kula Appi akanawa, akaenda kwenye rundo lililokuwa zima. Akagonga. Akangoja. Akagonga cha pili, akangoja. Akarudi akakaa, akafunika kichwa kwa ncha ya sari.

Vyote elfu kumi sasa. Vyote.

Jumatano, 18 Februari

Nitaandika hapa, halafu nione kama mkono utakauka.

Juni 57. Mvua ilikuwa imeanza juzi yake. Shimo la udongo lilikuwa kando ya mto, tumechimba kina kilichokatazwa na serikali, Balthazar alijua. Asubuhi ile zamu ya kwenda kuvuta mipira ya pampu kabla maji hayajapanda ilikuwa yangu. Mimi nilikuwa nimetoka harusini. Tembo kichwani, nimelala kwenye ngazi ya mlango wetu nusu ndani nusu nje. Deju akaniruka. Akasema, "Lala, shemeji, nitakwenda mimi. Ukiamka uniletee tambuu."

Nilimpelekea saa tatu. Ukuta wa shimo ulikuwa umelala chini. Wote, mpana kama uwanja wa kanisa. Mpira mmoja ulikuwa umetokeza ncha, na ulikuwa unatikisika. Labda ni maji. Nimesema labda ni maji miaka arobaini.

Sikuchimba. Nilikimbia kumwita Balthazar. Alikuja na mwavuli. Tulipofika mpira ulikuwa umetulia. Akasimama muda mrefu, mvua inagonga mwavuli. Akasema, wakijua wanafunga kiwanda, na nyumba mia mbili zinakula hapa. Akasema, yeye amekwisha, hatumrudishi. Akasema, na zamu ilikuwa ya nani, Tyampa?

Muhuri aliutoa ofisini mwenyewe. Tulivuka mto kwa kivuko jioni, akauachia majini katikati, kama mtu anayechovya mkono kupoza joto. Kisha akaniweka mbele ya mzimu kwenye ngoma ya mwaka ule, watu mia tatu, nikaulizwa shemeji yako yuko wapi. Nikasema, kaenda Bombay. Kwetu anayemdanganya mzimu huvimba tumbo akafa kabla ya msimu kwisha. Nilikaa nangoja nivimbe. Badala yake nikafanywa mnyapara.

Sasa neno hili ndilo. Kila mwaka mwezi wa Aati, mvua ikiwa nyingi, tunawatandikia wafu wetu jani la mgomba na kuwapakulia — baba, mama, wajomba. Deju hatandikiwi. Kumtandikia aliye hai ni kumwita mauti. Kwa Devaki yeye ni hai. Kwa hiyo mara arobaini na moja tumekaa chini, tumelisha wafu wote wa nyumba yetu, na yeye kasimama mlangoni na njaa. Kwa sababu yangu.

Mzimu alikuwa ameshiba. Hakuwa akijisemea yeye.

Mkono haujakauka. Hata hapo sikupata adhabu.

Ijumaa, 20 Februari

Nimekwenda ofisini. Nimemwambia Flavia yote, mbele ya kinasa sauti chake. Nimeyasema kwa mpangilio, sikuweka ndovu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu. "Babu, Jumatatu ulinambia ndovu alipokea komunyo. Jumanne ulinambia bibi yangu alitoroka na Mjerumani. Leo tena Deju yumo shimoni."

"Hili ni kweli."

"Na lile la Mjerumani?"

"Lile lilikuwa tamu tu."

Akanishika mkono, akanipigapiga kama farasi. Hii ndiyo faida ya kutania maisha yote. Siku moja unataka kulia, watu wanashika mbavu.

Hilary hakucheka. Alikuwa mlangoni, sijui toka saa ngapi. Alimtuma binti yake chai, akafunga mlango. Akasema, "Mzee Tyampa, baba yangu alipokuwa anakufa aliomba tambuu. Hakuwa mtu wa tambuu. Alisema si yake, apelekewe mtu." Kisha akasema kurasa zimeshakwenda kwa mchapaji, na askofu ameshakubali, na wanunuzi wa ardhi wakisikia kuna maiti kwenye shamba hawatatia sahihi, na mimi na dada yangu tunakaa nyumba ya nani?

"Ya kwako, bosi."

"Basi tuelewane."

Nilipotoka akaniita. Akaniuliza, sauti ndogo, kama udongo wa shimo lile uliwahi kuchimbwa tena.

Nikamwambia Novemba ya mwaka uleule, maji yalipokauka. Ulikuwa udongo mzuri kuliko wote. Laini. Msimu ule hatukupata kigae hata kimoja chenye ufa.

Amefunga madirisha ya ofisi, na joto hili.

Jumamosi, 21 Februari

Hilary ameamuru vigae vyote elfu kumi vipakiwe kwenye jahazi la mto na kwenda kufukia kinamasi. Wapakiaji wamekataa. Wanasema ukiviweka kifuani kuvibeba, vinakugonga wewe.

Sijakula. Devaki ameniuliza kama naumwa. Nikasema nafunga, nimekuwa mtakatifu. Akasema, "Kwa dhambi zako utafunga mpaka mvua."

Jumatatu, 23 Februari

Nimemwambia.

Asubuhi, alikuwa anapara vibua uani. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango, palepale. Nikasema, Devaki, Deju hakwenda Bombay. Nikasema yote. Harusi, tembo, mpira, mwavuli, kivuko. Yeye anapara samaki. Alipara mpaka yule samaki akabaki hana kitu cha kuparwa, akaendelea.

Sikuogopa kupigwa. Niliogopa atacheka. Hakucheka.

Kitu cha kwanza alichosema: "Amekaa na njaa."

"Ndiyo."

"Na mimi nakula mbele yake. Na kumsema, kwamba kapata mwanamke wa Bombay."

"Ndiyo."

"Kaka." Akaweka kisu. "Nikupige au nipike?"

Nikasema vyovyote. Akasema, "Kukupiga kuna nafasi. Washa moto."

Tukapika. Wali, vibua, maboga, na akamtuma Appi, aliyekuwa akipita, dukani kuleta paja la kuku. Appi kaniangalia, akamwangalia Devaki, kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuuliza kitu. Nikakata jani la mgomba. Devaki akapakua. Si mwezi wa Aati, nikasema. Akanijibu, "Mwenye njaa humwulizi mwezi."

Kisha akasimama na jani mikononi, akaniuliza liwekwe wapi. Mfu hupakuliwa alipo. Shimo limekuwa bwawa, mwaka 63 mto ulilichukua. "Udongo ule ulikwenda wapi, Tyampa?"

Nikasema uligeuka vigae. Akasema hilo kasikia. Vigae vilikwenda wapi?

Nikasema vingine Kochi, vingine ng'ambo kwa meli. Akangoja. Dada yangu anajua kungoja, amefanya kazi hiyo muda mrefu kuliko mimi nilivyofanya ya kwangu. Basi nikasema. Nilipofanywa mnyapara, Januari 58, Balthazar alitoa zawadi. Nyumba yetu ilikuwa ya makuti. Akatuezekea.

Devaki akatazama juu.

Amekaa chini ya paa lile miaka arobaini. Amepika chini yake, amezika chini yake. Halijavuja hata siku moja. Majirani husema tuna bahati.

Hakulia. Akasema nilete ngazi.

Sasa ni saa saba na nusu mchana. Nimeshika ngazi kwa goti, naandika kwa mkono uliobaki, maana nikiacha kuandika nitakimbia. Yuko juu na jani lake. Miaka sitini na mitano, sari ameikunja kiunoni. Nilitegemea kunguru, kunguru ndio hula kwa niaba ya wafu. Mti wa jirani umejaa, lakini hakuna anayeshuka. Wametulia wote, wametazama upande mmoja.

Mwanzo alikuwa anamgombeza. Sijaandika aliyosema, ni yao. Kisha akasema, taratibu, kama kila siku jikoni, "Onja basi."

Amenyamaza muda. Si kunyamaza kwa mtu aliye peke yake. Ameinamisha kichwa kidogo, anaitikia, mm, mm.

Amecheka.

Ngazi inatikisika, anashuka. Anasema nisogee, anafuata chumvi jikoni.